Mto Uliopoteza Herufi Njiani

Aliyenitia katika balaa hili ni mshikaji wangu mmoja wa kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Nilikuwa nimempa muswada wa riwaya yangu, ile ambayo nimekuwa nikiiandika tangu nilipomaliza kidato cha nne, naye akaurudisha baada ya wiki mbili akiwa amezungushia neno moja tu kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa kwenye sura ya tatu: "Mhindi alikuwa amesimama nyuma ya mizani." Pembeni ameandika: "Mhindi gani? Mbona hata mbwa wa mlinzi umempa jina?"

Nikaishiwa pozi. Kweli, yule mbwa anaitwa Simba. Mama wa mhusika mkuu ana jina, kondakta wa daladala anayetokea mara moja tu ana jina. Mwenye duka, ambaye duka lake ndilo linalovunjwa katika sura ya saba na kuisukuma hadithi yote mbele, ni "Mhindi" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mwanzoni nilibisha. Nikasema, bwana, ndivyo watu wanavyosema mtaani, mimi naandika maisha kama yalivyo. Lakini usiku nikawa najiuliza: hivi neno lenyewe lina maana gani? Nikaenda maktaba kulitafuta kwenye kamusi, kwanza za Kiswahili, halafu za Kiingereza, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba Mhindi ni Indian na Uhindi ni India. Nilifikiri nitakuta nchi, kumbe nilikuta mto. Makala hii ni ya mto huo na jina lake kama Kiingereza kinavyolitumia, na ya sisi tunaoshika kalamu na kuandika majina ya watu bila kuyauliza yametoka wapi.

Tuanze na mto wenyewe. Unaanzia Tibet, upande wa milima ya Kailash, unapita Ladakh, unaingia Pakistani na kuikata nchi hiyo kutoka kaskazini hadi kusini, halafu unamwaga maji yake katika Bahari ya Arabuni, si mbali na Karachi. Urefu wake ni kama kilomita 3,180. Kiingereza kinauita Indus. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya watu waliokaa kando yake, uliitwa Sindhu, na Sindhu maana yake ni mto. Basi, si zaidi ya hapo. Watu waliona maji mengi yanapita, wakayaita "mto", kama mtoto anavyomwita mama yake "mama" bila kuhitaji jina lake la kwenye cheti.

Kwa hiyo Mwingereza anaposema Indus River anasema "Mto Mto". Usicheke, maana hata sisi tunalo letu. Ziwa Nyasa ni "Ziwa Ziwa", kwa sababu nyasa na nyanja kwa watu wa kandokando yake ni ziwa lenyewe. Mgeni alifika, akauliza "hii ni nini?", akajibiwa "ziwa", akaandika kwenye ramani kwamba ziwa hili linaitwa Ziwa. Ramani nyingi za dunia zimechorwa kwa mtindo huo.

Sasa tazama safari ya hilo jina. Waajemi walikuwa na tabia ya kutamka h mahali ambapo Kisanskriti kina s. Ile nchi ya mito saba, sapta sindhu katika Rigveda, katika Avesta ni hapta hendu. Sindhu ikawa Hindu, na katika maandishi ya mfalme Dario wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, tunakuta Hindush kama jimbo mojawapo la dola yake. Kutoka kwa Waajemi jina likafika kwa Wayunani wa Ionia, ambao walikuwa wameacha kuitamka h ya mwanzo wa neno. Hindu ikawa Indos. Warumi wakaichukua, wakaivika mkia wa Kilatini, us, ikawa Indus. Kiingereza, ambacho hakikuwa hata kimezaliwa wakati safari hii inaanza, kikalipokea jina likiwa limeshachongwa, na hakikuongeza hata herufi moja.

Herufi ya kwanza ilipotea kwa Waajemi, iliyochukua nafasi yake ikapotea kwa Wayunani. Jina likafika London halina kichwa. Nimeipenda hii, nakiri. Mtu anayetaka kuwa mwandishi akiona neno limetembea miaka elfu mbili na zaidi, linadondosha herufi kama basi bovu linavyodondosha vyuma, lazima moyo umcheze.

Lakini uhakiki si kupenda tu. Tuangalie jina lilifanya kazi gani baada ya kufika.

Mto ulitoa jina kwa bonde lake, bonde likaipa jina nchi yote iliyokuwa nyuma yake, yaani India, hata sehemu zilizo mbali na mto huo kwa maelfu ya kilomita. Nchi ikaipa jina bahari. Mwaka 1492 Christopher Columbus akafika kwenye visiwa vya upande mwingine kabisa wa dunia, akaamini amefika huko huko, akawaita wenyeji wake Wahindi. Kosa liligundulika mapema tu, ila jina halikuondoka: Kiingereza kikaendelea kuwaita watu hao American Indians, na visiwa vile vikabaki West Indies. Visiwa vya mashariki vikawa East Indies, na katika karne ya 19 wataalamu wakaunganisha Indo na neno la Kiyunani la kisiwa wakapata Indonesia. Rangi ya buluu iliyotoka kwa wafanyabiashara wa huko ikaitwa indigo. Ukwaju ambao Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Uhindi, ukaingia Kiingereza kwa jina la tamarind. Na lile zao lililotoka Amerika likaitwa Indian corn.

Hapo kwenye zao tusimame kidogo, maana ni chakula chetu. Mmea huo ulivuka bahari ukafika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao, na sisi tukauita muhindi na mazao yake mahindi, kwa kudhani umetoka ng'ambo ya pili ya bahari yetu, Uhindini. Waingereza nao waliuita kwa jina la Wahindi kwa sababu ulikuwa wa wale "Wahindi" wa Columbus. Watu wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana kwenye sufuria moja ya ugali. Na mto ambao haukuotesha punje ya kwanza ya mahindi ndio uliopewa sifa.

Ukitazama orodha hiyo utaona jambo. Kadiri jina lilivyokwenda mbali na mto, ndivyo lilivyobeba watu wengi zaidi, na ndivyo waliolitumia walivyowajua watu hao kidogo zaidi. Aliyekaa ukingoni alisema Sindhu akimaanisha maji yale pale. Columbus aliposema Indios alikuwa hamjui hata mmoja wa wale aliowaita.

Mtu ataniuliza: sasa kuna ubaya gani? Majina yote husafiri. Ni kweli. Ila kuna mfano mmoja wa Kiingereza ambao ulinikosesha usingizi, nao ndio ulionifanya niandike makala hii badala ya kurekebisha muswada kimya kimya.

Sehemu ya kusini ya bonde la mto huo bado ina jina lenye s yake: Sindh, ambalo leo ni jimbo la Pakistani. Mwaka 1843 jenerali wa Kiingereza Charles Napier aliipiga na kuiteka. Mwaka uliofuata, 1844, gazeti la vichekesho la London lililoitwa Punch likachapa utani: eti jenerali ametuma taarifa ya ushindi yenye neno moja la Kilatini, peccavi. Maana yake ni "nimetenda dhambi". Kwa Kiingereza, I have sinned. Na ukiisema kwa sauti inasikika sawasawa na I have Sindh, yaani "Sindh ninayo". Watu wengi mpaka leo wanaamini Napier aliituma kweli. Hakutuma. Utani ulitungwa na msichana aliyekuwa hajafikisha miaka 20, Catherine Winkworth, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa kutafsiri tenzi za Kijerumani.

Sasa mimi kama mwandishi chipukizi nifanye nini na utani huu? Ni mzuri. Sitasema uongo. Neno moja, lugha mbili, maana mbili, na ndani yake kuna hata kijembe kwa jenerali mwenyewe, kwa sababu wako Waingereza walioona kwamba vita ile haikuwa ya haki. Ningetamani niwe nimeutunga mimi. Lakini jiulize ndani yake Msindhi yuko wapi. Vijiji viko wapi, waliokufa kwenye uwanja wa vita wako wapi? Hawapo. Jina lao limegeuzwa mlio, mlio umetoa kicheko, na kicheko kimeishi zaidi ya miaka 180. Nchi ya watu imebaki katika kumbukumbu ya Kiingereza kama mchezo wa maneno.

Nikafunga kitabu nikasema, Waingereza bwana. Halafu nikakumbuka: Banyani mbaya, kiatu chake dawa.

Methali hiyo tunaijua wote. Tuliiandikia insha darasani. Nayo ni nzuri, ina mizani, inaingia mdomoni vizuri, na tukaambiwa maana yake ni kwamba mtu usiyempenda anaweza kukufaa. Hakuna mwalimu aliyetuuliza Banyani ni nani na ubaya wake ni upi. Nilipata alama nzuri kwa insha ile. Kwa hiyo nisijifanye mtakatifu mbele ya Catherine Winkworth: yeye alikuwa na peccavi yake, nami ninayo yangu, tena ya kurithi.

Hata hivyo lazima nikitendee haki Kiswahili. Pwani yetu haikuwa na neno moja tu. Waarabu waliotuletea neno Hindi walikuwa wakitofautisha Sind na Hind, nchi mbili mbalimbali, jambo ambalo Kiingereza kililifuta kwa kuzimeza zote ndani ya India. Na wazee wetu walikuwa na Banyani, Khoja, Bohora, Kalasinga, Mgoa, Mbulushi, kila mmoja na dini yake, kazi yake na mtaa wake. Mengine yana kebehi ndani yake, lakini yanaonyesha kwamba jirani alikuwa akimtazama jirani. Sisi vijana wa mjini tumeyasahau, tumebakiwa na "Mhindi". Tunajua kidogo kuliko babu zetu, na tunaandika riwaya.

Halafu kuna hili. Wengi wa waliovuka bahari kuja Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wametoka Gujarat na Kutch. Kutch inapakana na Sindh, na lugha ya Kikutchi ni ndugu wa karibu wa Kisindhi. Tawi mojawapo la mto wenyewe lilikuwa likifika huko, mpaka tetemeko la mwaka 1819 liliponyanyua ardhi na kuzuia maji. Kwa hiyo mwenye duka wangu, kama babu yake ni wa Kutch, ana haki na jina la mto ule kuliko mamilioni ya watu wengine wanaoitwa kwa jina hilo. Nilimwita Mhindi nikiwa nimepatia bila kujua nimepatia, na hiyo kwa mwandishi ni aibu kubwa kuliko kukosea.

Siasa nazo zimelivuruga jina. Mwaka 1947 Uhindi ilipogawanywa, sehemu kubwa ya mto ikaangukia Pakistani, lakini jina la mto likabaki kwa nchi ya pili. Muhammad Ali Jinnah, kiongozi wa Pakistani, hakupendezwa kuona jirani zake wamejichukulia jina la India. Wao wenyewe katiba yao, iliyoanza kutumika mwaka 1950, inaanza kwa kuitaja nchi kwa majina mawili, India na Bharat, na mwaka 2023 serikali yao ilipowaalika viongozi wa mkutano wa G20 kwa kadi zilizoandikwa Bharat, mabishano yalirudi upya. Mwaka 1960 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kugawana maji, na kwenye karatasi ile ya Kiingereza mto ni Indus. Wapashtuni wanaouita Abasin, baba wa mito, na Wasindhi wanaouita Sindhu au Mehran, majina yao hayakuwa na nafasi pale. Mwaka 2025, baada ya shambulio la Pahalgam, India ikatangaza kuusimamisha mkataba huo. Mkulima wa Sindh anayeangalia mfereji wake habari hiyo inamhusu zaidi kuliko inavyotuhusu wewe na mimi, ila nayo imeandikwa kwa jina ambalo halikutoka mdomoni mwake.

Sasa twende kwenye riwaya, maana sisi ni watu wa riwaya.

Je, Kiingereza kinaweza kurudisha kile kilichopotea? Mto mwingine wa nchi zile unatupa jibu. Kiingereza kwa karne nyingi kimesema Ganges, umbo la Kiyunani na Kilatini, ambalo kwa Kilatini ni la kiume, wakati kwa wenyewe Ganga ni mama, tena mungu wa kike. Amitav Ghosh alipoandika Sea of Poppies, riwaya iliyotoka mwaka 2008, aliandika Kiingereza lakini kwa wahusika wake mto ni Ganga, na haombi radhi wala hatoi somo la isimu. Mwanamke anayeishi kando ya mto huo anauona kama anavyouona yeye. Ukisoma unajua msimulizi amesimama ukingoni, si kwenye ramani.

Karibu na nyumbani tuna M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Katika The Gunny Sack ya mwaka 1989, mtu aliyevuka bahari kutoka Gujarat haitwi Mhindi wa dukani. Ni Dhanji Govindji, mwenye mtoto, mwenye siri, mwenye dhambi zake, na mwanamke mtumwa aliyemzalia anaitwa Bibi Taratibu. Na Abdulrazak Gurnah, katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ana fundi wa magari anayeitwa na kila mtu Kalasinga. Watu wanamtania, naye anawatania. Lakini Gurnah anahakikisha tunajua pia kwamba ana jina lake, Harbans Singh, na kwamba kichwani mwake ana mipango na hasira zake. Jina la mtaani lipo, na mtu yupo nyuma yake.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, nanyi mtanisahihisha. Mhusika aachwe aseme "Mhindi". Kijana wa Kariakoo katika mazungumzo hawezi kusema kingine, na ukimlazimisha utakuwa unaandika hotuba. Msimulizi ndiye asiyeruhusiwa. Msimulizi akisema "Mhindi" bila kujua ni nani, hajaandika maisha kama yalivyo. Amechora ramani, na wote waliochora ramani kabla yake tumeona walichofanya.

Basi nikarudi kwenye sura ya tatu. Mwenye duka nikampa jina Jamnadas. Nililichagua kwa kuwa lilisikika la kweli. Mzee mmoja wa mtaa wa Kisutu, niliyemuuliza kama nimelipatia, akaniambia maana yake ni mtumishi wa Jamna, yaani mto Yamuna. Nikacheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani: nimemkimbia mto mmoja nimeangukia mwingine.

Kicheko hakikudumu. Sura ya saba duka linavunjwa, na nilikuwa nimeiandika kama sherehe. Vijana wanabeba magunia, mtaa unapiga vigelegele, na msomaji alitakiwa apige navyo. Ilipokuwa "duka la Mhindi" sura ile ilikuwa nyepesi kama nini. Nilipobadilisha na kuandika "duka la Jamnadas", ikakwama. Ghafla kuna mtu amesimama nyumba ya jirani kwa kandambili anatazama. Mizani yake ni ya wizi bado, hilo sikulifuta, kwa sababu kumpa mtu jina si kumpa utakatifu. Lakini vigelegele vimegoma kutoka. Mhusika wangu mkuu, niliyempenda kuliko wote, amebeba gunia begani na sijui nimfanye nini.

Nimeifuta sura hiyo mara nne sasa, na mshikaji wangu wa kalamu nyekundu anasema ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, lakini ndiyo ya kwanza aliyoisoma hadi mwisho.

Wenzangu wa kalamu, najua wako watakaosema nimekuza neno dogo, na kwamba fasihi yetu ina matatizo makubwa kuliko jina la mwenye duka. Inawezekana. Kurasa za gazeti hili ni zetu sote. Mwenye hoja aandike, nami nitasoma. Ila kabla hujaandika, fungua muswada wako, mtafute mtu wa kwanza uliyemwita kwa kabila lake au nchi yake peke yake, umpe jina, halafu uendelee na hadithi yako uone kama itakubali.